Keki ya Mnadani: Ushauri kwa Anayeingia Mashindano ya Kuoka ya Hisani

Keki ya mashindano ya hisani huhukumiwa mara mbili. Kwanza huhukumiwa na majaji, watu watatu au wanne wenye uma na karatasi, wanaoonja vipande viwili na kusogea meza inayofuata. Kisha huhukumiwa na mwenye pochi, aliyekuja na watoto wake na anayetaka kipande cha kula pale pale na kingine cha kumpelekea mama nyumbani. Wengi wanaoanza huoka kwa ajili ya hukumu ya kwanza peke yake. Wanapandisha ghorofa tatu, wanamwaga rangi, wanabandika maua ya sukari, halafu ikifika saa nane mchana ghorofa ya juu imeanza kuinamia ya chini na hakuna anayejua aikate vipi. Yote nitakayosema hapa yanazunguka jambo moja: oka keki ambayo mikono yako inaijua, inayoweza kusafiri na kukaa mezani nusu siku, wala usione haya kwamba ni keki ya kawaida.

Huku kwetu mashindano haya yana sura nyingi. Kuna ya shule inayotafuta madawati, ya kikundi cha akina mama wanaomchangia mgonjwa, ya wafanyakazi wa ofisi moja, na ya parokia au usharika unaoezeka paa. Ya kanisani mara nyingi huishia mnadani. Aliyewahi kukaa kwenye mnada wa siku ya mavuno anajua kinachoipata keki pale: inanyanyuliwa juu, inanunuliwa, mnunuzi anasema “nairudisha,” inanadiwa upya, inapita mikononi mwa wazee wa kanisa na vijana wa kwaya, na inaweza kununuliwa mara tatu kabla hata kisu hakijaigusa. Kila ikirudi, mfuko unanona, na ndicho watu walichokusanyikia. Lakini keki iliyopakwa krimu laini haivumilii mzunguko huo. Keki ya ndizi inavumilia. Keki ya limau yenye utando mwembamba wa sukari uliokauka inavumilia. Mkate wa mayai unavumilia kuliko zote.

Kabla ya kufikiria keki gani, omba masharti kwa maandishi, uyasome mara mbili. Uingereza, ambako vyama vya wanawake vya Women's Institute vimekuwa vikishindanisha keki na jamu vijijini tangu vilipoanza huko Wales mwaka 1915, majaji wana alama ya herufi tatu, NAS, inayoandikwa kwenye kadi ya mshiriki aliyekwenda kinyume na ratiba ya mashindano. Ukiandikiwa hiyo, keki yako haishindani tena, hata iwe tamu kiasi gani. Sharti likisema keki ya Victoria ijazwe jamu ya rasiberi na kunyunyiziwa sukari juu, mwenye kuongeza krimu ameshajitoa mwenyewe. Majaji wa huko wanafika hadi kutazama kama uso wa keki una alama za nyaya za wavu ilikopoozewa. Kwetu ukali huo ni nadra, ila mzizi wake ni ule ule: jaji akipewa keki thelathini, la kwanza analotafuta ni sababu ya kupunguza idadi. Basi uliza. Keki iwe na kipenyo gani? Ije nzima au imekatwa? Rangi na mapambo ya kununua yanaruhusiwa? Inaokwa nyumbani au mbele ya watu? Kama ni mbele ya watu, je, oveni ni yao, na ni ya gesi au ya umeme? Uliza pia sahani zitarudishwa vipi. Hilo linaonekana dogo mpaka siku utakapolitafuta sinia la mama mkwe.

Sasa uchaguzi. Ningekuwa naingia leo, ningepeleka mkate wa mayai, na ninalisema hili nikijua kuna watakaocheka. Mkate wa mayai wa Unguja, Mombasa na Lamu ni keki ya kweli ya sponji: mayai, sukari, unga na iliki, bila siagi wala mafuta, na hewa iliyopigwa ndani ya mayai ndiyo inayouinua. Waokaji wa Ulaya wanasifiwa kwa kazi hiyo hiyo. Kwa mayai sita ya kisasa, ambayo bila maganda huwa karibu gramu 300, tumia sukari gramu 180 na unga gramu 180. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe, mazito, na yamepanda maradufu au zaidi. Ukinyanyua kipigio, uzi unaodondoka uchore mstari unaobaki juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Hapo ndipo wengi wanapokosa subira. Kwa mashine ndogo ya mkono inaweza kuchukua dakika kumi au zaidi. Halafu chekecha unga juu yake mara tatu, kila mara ukichota kutoka chini na kupindua juu kwa mwiko mpana, taratibu, na uache mara tu unga mkavu unapopotea machoni. Ukiendelea kukoroga unatoa hewa uliyoihangaikia, na tena unauamsha utando wa ngano unaofanya chapati ivutike. Kwenye chapati tunautaka utando huo, kwenye keki hatuutaki.

Kama mayai matupu yanakutia hofu, njia salama ni keki ya siagi ya kupima sawa kwa sawa. Pima mayai manne pamoja na maganda yake, kisha siagi, sukari na unga kila kimoja kiwe na uzito huo huo. Ni kanuni ya zamani na inasamehe makosa, kwa sababu inalifuata yai lako lilivyo. Kwetu hilo lina maana kubwa. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo kuliko la kuku wa kisasa, na mayai manne ya kienyeji yanaweza kupungua kwa uzito wa yai moja zima. Kichocheo kinachosema “mayai manne” hakijui umenunua yapi.

Nimetaja gramu makusudi. Kikombe cha unga kinaweza kuwa gramu 120 ukikijaza kwa kijiko, na kufika 150 ukikichovya ndani ya mfuko na kukishindilia. Kwenye vikombe vitatu tofauti hiyo inakuwa karibu gramu 90 za unga, na keki inatoka kavu bila wewe kujua ulikosea wapi. Mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni ndiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya mashine, kabla ya mabati ya umbo la moyo. Unga wenyewe nao tazama: unga wa ngano wa madukani kwetu kwa kawaida unalenga chapati, maandazi na mkate, kwa hiyo una nguvu kuliko keki inavyohitaji. Katika kila gramu 100 toa 15 uweke wanga wa mahindi, uchekeche vyote pamoja, na utauona ulaini tofauti.

Jambo linaloangusha waokaji wa pwani kuliko yote ni joto, na vitabu vingi vya mapishi haviwezi kutusaidia hapo kwa sababu vimeandikwa na watu wa baridi. Vinasema siagi iwe ya joto la chumba. Chumba wanachokisema kina nyuzi 18 hadi 20, na katika joto hilo siagi inabonyea kwa kidole lakini bado imeshikana, kwa hiyo ukiipiga na sukari inabeba hewa. Jikoni Dar es Salaam mwezi wa Februari, mchana hupita nyuzi 30. Siagi huyeyuka kabisa inapokaribia nyuzi 32. Ukiiacha mezani saa nzima kama kitabu kinavyosema, unapiga mafuta yasiyoshika hewa yoyote, na keki yako itatoka nzito yenye utepe mbichi chini. Itoe kwenye friji, ikate vipande vidogo, subiri dakika chache tu, uanze kupiga. Bakuli likipata joto, liweke ndani ya beseni la maji ya baridi. Oka alfajiri. Hii ya alfajiri wala si ushauri wa uchamungu. Saa kumi na moja asubuhi ndiyo saa pekee ambayo jiko la pwani linakaribia chumba cha yule mwandishi.

Anayetumia majarini asome kopo. Siagi ina mafuta asilimia 80 au zaidi. Majarini nyingi za kupaka mkate zina mafuta kidogo na maji mengi kuliko hapo, na maji hayo yataonekana kwenye keki. Tafuta ile iliyoandikwa ni ya kuokea.

Joto hilo hilo ndilo linaloamua mapambo. Krimu ya siagi huanza kulegea mezani kabla hotuba ya mgeni rasmi haijaisha. Krimu ya maziwa iliyopigwa ni hatari zaidi, na nitarudi kwake. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, hewa ya pwani imejaa unyevu na sukari hunyonya unyevu huo: vipambo vya ute wa yai vilivyokaushwa vinageuka kuwa vya kunata, na fondanti iliyotoka kwenye friji inatoka jasho kama mtu. Ukitaka kupaka kitu cha chokoleti, tengeneza ngumu, uzito wa chokoleti nyeusi uwe mara mbili ya uzito wa krimu, uache ipoe kabisa kabla ya kupaka. La sivyo, kamua limau kwenye sukari ya unga, mimina juu ya keki iliyopoa, basi. Ufuta uliokaangwa, korosho zilizovunjwa, zabibu kavu zilizopangwa vizuri juu ya mkate wa mayai kabla haujaingia ovenini: haya hayayeyuki.

Wa milimani wana mtihani mwingine. Mtu anayeshindana Nairobi, Mbeya au Arusha na kichocheo cha Tanga ataona keki inapanda haraka kwa fahari, kisha inazama katikati. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Hewa ni nyepesi, gesi ya bekingi pauda inatanuka kupita kiasi kabla ukuta wa keki haujakomaa kuishikilia. Kwa kila kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda punguza moja ya nane hadi robo, punguza sukari kijiko cha chakula kimoja kwa kila kikombe, ongeza maziwa vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa kila kikombe cha kimiminika, na upandishe oveni nyuzi kama kumi. Anayesafiri kutoka pwani kwenda kuokea huko mbele ya majaji aende siku moja kabla, aoke ya majaribio kwa ndugu au rafiki aliye mjini.

Bekingi pauda nayo ijaribu. Kopo lililofunguliwa na kukaa jikoni kwenye unyevu hufa kimya kimya. Weka nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto: ikitoa povu kwa nguvu ni nzima, ikisinzia itupe.

Oveni nyingi za nyumbani husema uongo. Kitufe kinasema 180, ndani ni 160 au 205. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ovenini hakigharimu sana na kinamaliza ubishi. Kujua upande gani una moto mkali, panga vipande vya mkate wa dukani vijaze wavu wote wa oveni, viache dakika kadhaa kwenye nyuzi 180, uvitazame: palipoungua ndipo patakapoungua keki yako, na utajua uligeuze bati wakati gani. Ila usifungue mlango mapema. Keki isiyoshikana katikati ikipigwa na hewa ya nje inakaa chini na hainyanyuki tena. Subiri theluthi mbili za muda zipite. Ukitumia gesi, nyanyua mtungi usiku wa kuamkia siku hiyo. Mtungi wa kilo 6 una tabia ya kuisha katikati ya dakika arobaini za mwisho. Na wa umeme awe na jirani mwenye gesi, kwa maelewano ya mapema, siyo ya kugonga mlango saa kumi na mbili asubuhi na bakuli mkononi.

Kwa anayeokea jiko la mkaa sina huruma wala wasiwasi naye, maana keki nzuri kuliko nyingi nilizokula zimetoka humo. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, mawe matatu ya kuinua bati, mfuniko wa bati wenye makaa juu. Kanuni ni moto mwingi juu na kidogo chini, kwa sababu mchanga unahifadhi joto na chini huungua bila kutoa taarifa. Acha sufuria ipate moto robo saa kabla ya kuweka keki. Shida yake katika mashindano ni kujirudia: mkaa wa leo si wa kesho, hivyo fanya mazoezi kwa mkaa wa gunia moja na uhesabu vipande, juu vingapi, chini vingapi, uandike.

Kuandika ndiyo mazoezi yenyewe. Chukua daftari la shule, andika tarehe, uzito, moto, muda, hali ya hewa, na keki ilivyotoka. Ukitaka kubadilisha, badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukipunguza sukari na kuongeza yai na kubadilisha bati kwa siku moja, hutajua kipi kimekusaidia. Mwonjeshe mtu asiyekupenda sana. Mume, watoto na shoga zako watasema tamu, wamelelewa vizuri. Mpelekee fundi anayejenga kwa jirani, mpelekee mlinzi, mpelekee mwalimu mkali wa mtoto wako, kisha usiulize maswali, tazama sahani. Kama sehemu ya chini imeachwa, chini kuna tatizo. Kama wameomba maji baada ya vipande viwili, keki ni kavu au sukari imezidi.

Na sukari inazidi kwa kawaida. Mimi nimekaa upande wa majaji, na ukifika keki ya tisa ulimi umechoka kwa utamu kiasi kwamba kitu chochote chenye uchachu kidogo au harufu safi ya kiungo kinakuamsha. Ganda la limau lililokwaruzwa, iliki iliyotwangwa asubuhi ile, mdalasini kiasi cha kuhisiwa tu, chumvi nusu kijiko cha chai: hivi vinafanya kazi kuliko rangi. Iliki ya unga iliyokaa kopo mwaka mzima haina kitu. Nunua punje, zipasue, twanga mbegu, changanya na sukari kidogo ili zisagike laini. Nazi pia ni silaha yetu, ama machicha yaliyokaangwa kidogo, ama tui zito badala ya maziwa. Jihadhari na arki za chupa ndogo; tone moja la ziada la arki ya nanasi na keki inanuka sabuni.

Jaji anapokata, anatazama kabla ya kula. Anataka matundu madogo yanayofanana. Mashimo marefu kama mapango yanaonyesha umekoroga kupita kiasi. Zabibu zote zikiwa chini, mchanganyiko ulikuwa mwepesi mno. Juu kumepasuka na kuinuka kama kichuguu, moto ulikuwa mkali, pembeni pakakomaa kabla ya katikati. Atabonyeza kwa kidole aone kama keki inarudi. Hivi vyote unaweza kuvitazama mwenyewe nyumbani, kwenye keki ya mazoezi, ukiwa na kisu chenye meno na uvumilivu wa kusubiri ipoe. Keki inayokatwa ya moto inaonekana mbichi hata kama imeiva.

Sasa mambo ya watu watakaokula, maana hapa hisani inatofautiana na mashindano mengine. Hujui nani atanunua. Andika kadi ndogo kwa herufi kubwa: ngano, mayai, maziwa, karanga, korosho, nazi, ufuta, chochote ulichotia. Mtoto mwenye mzio wa karanga hawezi kusubiri umtafute mwenye keki. Kama mkusanyiko una Waislamu, na huku kwetu mara nyingi unao, angalia vitu viwili ambavyo watu husahau: vanila na jelatini. Vanila halisi huchujwa kwa pombe. Kwa sheria za Marekani lazima iwe na kilevi kisichopungua asilimia 35. Jelatini kwenye peremende na vipambo inaweza kuwa ya nguruwe. Iliki haina mashaka hayo hata kidogo, sababu nyingine ya kuipenda. Na yule anayeloweka matunda kwenye ramu, aandike wazi au abadilishe kwa chai nzito na maji ya chungwa, ambayo kwa maoni yangu yanatoa keki tamu zaidi.

Krimu ya maziwa, kastadi, na kitu chochote chenye yai bichi kiache nyumbani kama hakuna friji pale mahali. Kanuni ya usalama wa chakula inayofuatwa Marekani ni saa mbili nje ya friji kwa vyakula vinavyoharibika haraka, na saa moja tu hewa ikipita nyuzi 32. Piga hesabu ya muda wa sala, wimbo, utambulisho wa wageni, risala na hotuba. Saa moja ilishapita zamani.

Fedha zizungumzwe pia. Tuseme vifaa vya keki yako vimekugharimu shilingi 20,000 na imekatwa vipande 16 vya shilingi 2,000. Umeingiza 32,000, na mchango wako halisi ni 12,000. Ukiongeza fondanti, rangi, sanduku la kifahari na bodaboda ya kukimbilia sukari ya unga, gharama inafika 35,000. Hapo umepika kwa hasara ya 3,000, na ingekuwa nafuu ungewapelekea bahasha. Hakuna ubaya kutumia zaidi kama ni sadaka yako, ila ujue unatumia. Keki ya sinia ya mstatili inakatika vipande vingi vinavyolingana kuliko ya mviringo, na muuzaji wa mezani atakushukuru. Waulize waandaaji pia fedha zinakwenda wapi, nani anazihesabu, na kama kiingilio cha mshiriki kinaingia kwenye mchango au kinalipa turubai na spika. Kuuliza si dharau. Waandaaji wazuri huwa na jibu tayari, na ukiona wanakukwepa una haki ya kuoka kwa ajili ya mtu mwingine.

Siku yenyewe, kazi kubwa ni barabara. Keki ikae sakafuni mwa gari, siyo kwenye kiti. Kiti cha gari kimeinama hata kama macho hayaoni, na mapajani pa mtu panatikisika kila breki. Weka chini yake kitambaa chenye unyevu au kipande cha mpira ili isiteleze. Kwenye bajaji kaa katikati, sanduku kati ya miguu, na umwambie dereva mapema kwamba matuta yote utamlipa kwa muda. Bodaboda, hapana. Anayevuka na pantoni ya Kigamboni aende na feri ya mapema kabla msongamano haujaanza, maana kusukumwa ndiko kunakoua keki kuliko mawimbi. Kama kuna ghorofa mbili zisafirishe mbali mbali, uunganishe ukifika. Beba mkoba wa dharura: kisu, kitambaa safi, glavu, sukari ya unga kidogo kwenye chujio dogo, zabibu za akiba, karatasi ya kufutia. Sukari ya unga iliyonyunyizwa juu imeficha nyufa nyingi kuliko maelezo yoyote. Chini ya sinia bandika karatasi yenye jina na namba yako ya simu.

Ikitokea keki imeanguka, iwasilishe hivyo hivyo. Wanaotazama kipindi cha The Great British Bake Off wanakumbuka mwaka 2014, mshiriki ambaye aiskrimu ya keki yake iliyeyuka, akaitupa yote kwenye pipa la taka kwa hasira na kuwapelekea majaji lile pipa. Alitolewa wiki hiyo. Wapo waliopeleka vitu vilivyopinda na kuzama katika mashindano yale na wakabaki, kwa sababu jaji anaweza kuonja kilichopinda. Kwenye hisani kuna sababu ya ziada: keki iliyovunjika inakatwa vipande, inawekwa kwenye vikombe vya karatasi, inauzwa. Watoto hawaulizi kama ilipasuka.

Matokeo yakitangazwa, usiondoke na sinia lako haraka. Subiri watu wapungue, umfuate jaji mmoja, umsalimie, umwombe akuambie kitu kimoja angebadilisha kwenye keki yako. Kimoja tu, usimwombe orodha, amechoka na ana kiungulia. Kiandike kwenye daftari lile lile, chini ya tarehe ya siku hiyo, kabla hujapanda daladala.